Sura Iliyofungia Maini

Nicanor wa Osiri alivunjwa taya kwa kichwa cha ng'ombe. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kichwa chenyewe. Pale Rodi Kopany wapo wanaoapa kwamba kilikuwa bado kinatafuna nyasi, na yuko fundi cherehani mmoja anayesema kilimpiga Nicanor kisha kikamwomba msamaha. Wote waongo. Kichwa kilikuwa kimekufa tangu alfajiri, jicho moja limefumba na jingine limekodoa, na aliyekirusha ni Mzee Bichage, mtu ambaye katika miaka yake yote ya kuuza nyama hakuwa amewahi kuua hata kuku.

Lakini tusikimbilie kichwa kabla hatujaona mkia.

Bichage alitoka Kisii akiwa kijana, akafungua bucha Rodi Kopany kando ya barabara ya Homa Bay kwenda Rongo, akazeekea hapo. Sasa amestaafu. Kustaafu kwake ni hivi: mizani na shoka la mifupa alimwachia mpwa wake Mayaka, yeye akabaki na kisu cha kuchunia alfajiri, kiti cha plastiki mlangoni na haki ya kuwadanganya wateja. Aliwaambia kwamba huko Oyugis aliwahi kumuua fahali kwa kofi, tena kofi la mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Aliwaambia juu ya kiboko wa Homa Bay aliyetoka ziwani kuja kula sukuma wiki ya watu, na jinsi walivyoshikana miereka mpaka ziwa likafura na samaki, ngege wazima, wakaokotwa juu ya mabati. Watu walicheka, wakaamini nusu. Bahati mbaya nusu waliyoiamini ilikuwa ile ya mkono wake kuua.

Ukweli aliujua mtu mmoja tu, Mahmud.

Ng'ombe wa sokoni hukatwa koo na Mwislamu. Hakuna aliyeandika hivyo ukutani. Ni desturi tu, na kila mwenye bucha anaijua. Akichinja Mahmud, Msabato atakula, Mkatoliki atakula, na mwenye hoteli ya Kiislamu atanunua bila kuuliza swali. Akichinja mwingine, nusu ya soko inafunga mdomo. Kwa hiyo kila alfajiri Mahmud, mzaliwa wa Isiolo, mtu mpole kiasi kwamba hata nzi akimtua humwondoa kwa kumpulizia, alitaja jina la Mwenyezi Mungu, akapitisha kisu mara moja, akakifuta, akatoka nje kunawa. Hapo ndipo Bichage alipoingia na kisu chake cha kuchunia. Alijua kila mshipa wa ng'ombe aliyekwisha kufa. Ng'ombe aliye hai, Bichage ndiye aliyemwogopa.

Sasa, kitabu. Bichage hakukaa shule sana. Kusoma alijifundisha kwa karatasi za kufungia nyama, na mpaka leo, Bwana Afya akiwa hayuko karibu, bucha yake hufunga nyama kwa karatasi. Alinunua magazeti na vitabu vikuukuu kwa kilo, akasoma kwanza, akachana baadaye. Ndivyo alivyojua Kiingereza, siasa, ndondi na kesi za talaka. Siku moja, kabla hajastaafu, aliletewa gunia la vitabu kutoka shule ya kibinafsi iliyofungwa, akaanza kuchana kimoja kisicho na jalada. Alichana kutoka nyuma, kama kawaida yake, kwani nyuma ya vitabu huwa kuna orodha za majina ambazo hakuna mtu anazililia. Alikuwa anapima maini ya mteja alipoona mstari mmoja chini ya damu, akainama, akasoma, akasoma tena.

"Mzee, nipe maini yangu nikapike," mteja akamwambia.

"Ngoja. Huyu mtu anasema mimi na wewe tuko huru."

"Sawa, lakini watoto wana njaa."

Kilikuwa kitabu cha uhuru na uchumi. Kufikia hapo sura ya mwisho yote ilikuwa imekwenda na maini ya watu. Bichage alizunguka Rodi nyumba kwa nyumba akiomba arudishiwe karatasi. Alikuta zimewasha majiko, na moja ilikuwa chooni katika hali isiyosomeka. Kilichobaki ni jina la sura hiyo, lililochapwa mwanzoni mwa kitabu pamoja na majina ya sura nyingine. Kwa Kiswahili lingekuwa: Nani Amlinde Aliye Huru?

Tangu siku hiyo hakuwa na maneno mengine.

"Sikiliza hapa," alimwambia Mahmud asubuhi moja, fahali akiwa bado anatupa miguu sakafuni. "Anasema mtu ndiye mwenye mikono yake. Kwa hivyo chochote mikono hiyo ikitoa ni chake, na atamuuzia yule anataka."

"Nani anasema?"

"Mwandishi."

"Anaitwa nani?"

"Jalada lilikuwa limeng'olewa."

"Kwa hivyo unamwamini mtu hujui jina lake."

"Na wewe nyama yako inaliwa na watu wangapi hawajui lako?"

Mahmud akakifuta kisu chake. "Haya. Anasema nini ingine?"

"Anasema soko huru ni mahali watu wasiopendana wanaweza kukutana bila visu."

Mahmud alitazama kisu chake, akatazama cha Bichage, kisha akatazama damu iliyokuwa inakimbia kwenye mfereji. "Huyo hajafika Rodi siku ya soko," alisema.

Bichage alicheka, lakini moyoni hakukubali. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akitazama watu wakiingia na kutoka, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyoona kwamba mwandishi amesema kweli. Yeye ni Msabato, Mahmud ni Mwislamu, wateja wao ni Wajaluo wa madhehebu yote, na hakuna aliyeletwa pale kwa rungu. Kila mtu alikuja kwa sababu ilimfaa kuja. Kulikuwa na ukurasa mwingine aliourudia mpaka ukalegea, uliosema kwamba ukitaka kumfunga mtu bila kamba, mchagulie pa kuuzia. Huo aliupigia mstari kwa kidole chenye damu, maana kalamu haikuwa karibu.

Na huo ndio aliomsomea binti yake, Mong'ina, alipokuja kumtembelea kutoka Osiri.

Osiri ni kule Migori kwenye mashimo ya dhahabu. Wanaume hushuka chini na kutoa mawe. Wanawake kama Mong'ina hununua mawe hayo, huyaponda kwa nyundo mpaka yanakuwa kokoto, huyapeleka mashineni yakasagwe yawe unga, halafu huosha unga kwenye karai kutafuta dhahabu. Kuna desturi ya mashine inayomshangaza kila mgeni: ukishaosha, mchanga uliobaki ni wa mwenye mashine. Na mchanga huo bado una dhahabu nyingi, pengine kuliko uliyoitoa wewe, ila inataka dawa kali kuipata. Kwa hiyo mwanamke huponda jua zima, akaondoka na chembe, na mwenye mashine akabaki na mlima.

Mwenye mashine wa upande ule alikuwa Nicanor. Zamani mashine zilikuwa tatu. Ya pili iliungua. Mwenye ya tatu alitumbukia shimoni, na waliomwona akitumbukia walisema alikuwa anatembea kinyumenyume huku mtu amemshika kola. Baada ya hapo Nicanor aliweka geti barabarani na vijana wenye mapanga, wa kila kabila. Jiwe la Osiri lisagwe Osiri. Hata nyama iliuzwa na mtu wake, kwa bei yake.

"Tata," Mong'ina alimwambia baba yake baada ya kusomewa, "Uriri kuna mama anaitwa Asli ana mashine. Unamlipa kusaga, halafu unaenda na mchanga wako wote."

"Basi kwa nini bado unamsagia huyo jambazi?"

"Geti."

"Geti ni mbao. Wewe ni mtu huru. Imeandikwa."

Aliyasema hayo akiwa amekaa, amekunja nne, kikombe cha chai mkononi. Mong'ina alirudi Osiri akaacha kupeleka kokoto mashineni. Akazilimbikiza kwenye magunia nyuma ya kibanda chake mpaka zikafika za kujaza pikapu. Kisha akatafuta pikapu, akapakia, akaenda getini kama mtu huru.

Walimteremsha kwa nywele. Dereva walimpiga rungu la goti akaenda akitambaa. Magunia waliyarudisha kibandani, kwa sababu Nicanor aliyataka yaletwe kama kwa hiari. Kisha Nicanor mwenyewe akachukua nyundo ya Mong'ina, ile ile anayopondea mawe, akamlazimisha kuweka mkono wa kulia juu ya jiwe lake, akavunja vidole kimoja baada ya kingine, akingoja kila mara anyamaze ndipo aendelee.

"Kesho utaniletea hayo magunia mwenyewe," alimwambia. "Sitaki waseme nimeiba."

Mong'ina hakuyapeleka kesho yake. Alipiga simu Rodi kwa mkono wa kushoto.

"Toka huko sasa hivi!" Bichage alipiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Acha mawe, panda pikipiki, kuja nyumbani!"

"Pikipiki itanipitisha. Magunia ndiyo hayapiti."

"Achana na magunia!"

"Tata, ulinisomea kwamba ni ya mikono yangu. Hiyo mikono umeniharibia mmoja. Sasa siondoki bila mawe. Wakija kuyachukua watanikuta nimeyakalia, na wataniua hapo juu yake."

Akakata simu. Je, Mong'ina aliripoti kwa askari? Aliripoti, na askari aliyemsikiliza alikuwa anakula nyama ya Nicanor bila kulipa.

Bichage hakusimulia mtu hadithi siku hiyo. Alikaa na kitabu mapajani, akafungua pale kinapokatikia, akatazama uzi mtupu wa gundi. Nani amlinde aliye huru? Mwandishi alijua. Aliandika ukurasa baada ya ukurasa juu ya jambo hilo, na watu wa Rodi wakafungia maini.

"Twende," Mahmud alisema kutoka mlangoni. Hakuwa ameombwa.

Wakapanga siku. Ijumaa ni ya Mahmud na msikiti, Jumamosi ni ya Bichage na kanisa, na Jumapili machimbo hayana watu. Ikawa Alhamisi, adhuhuri, watu wakiwa wengi. Silaha waliyopanga ilitoka kitabuni: bei. Walichinja fahali mkubwa, wakampakia kwenye pikapu ya bucha, ngozi, kichwa na yote, wakashika barabara ya Migori. Nyama wataiuza Osiri kwa bei ya kuangusha moyo. Watu watajaa. Watu wakijaa, Mahmud atasogeza pikapu tupu mpaka kibandani, apakie magunia na Mong'ina, wafunike na ngozi.

"Na Nicanor?" Mahmud aliuliza walipopita Uriri.

"Nicanor atafanya nini mbele ya soko zima?"

Mahmud akabadilisha gia.

Getini aliwasimamisha kijana anaitwa Maurice, mrefu, panga limelazwa begani kama taulo.

"Buda, simama hapo. Umebeba nini?"

"Nyama."

"Nyama hapa ni ya Nicanor."

"Mimi ni Bichage wa Rodi."

Maurice akainama dirishani. "Bichage gani? Yule wa kiboko?"

"Kiboko mwenyewe alikuwa mdogo," Bichage alisema kwa unyenyekevu. "Watu wanapenda kuongeza."

"Yawa! Omera, kuja uone!" Maurice aliita mwenzake. "Ni yule mzee wa kofi! Jaduong', mzee wetu, ni kweli ulichinja ndovu na wembe?"

Hadithi hiyo hata Bichage hakuwa ameitunga. "Wembe ulikuwa butu," alisema.

Wakamcheka, wakamwogopa, wakachukua paja moja la ng'ombe kama ushuru, wakafungua. Paja lenyewe Bichage aliliona likiondoka, akawaza kwamba sura ya tano ilisema hivyo hivyo kuhusu vizuizi vya barabarani.

Alitandaza turubai juu ya meza ya Dorine, mponda mawe aliyeuza chai pia, akapanga nyama, akataja bei kwa sauti ya mwinjilisti. Ilikuwa chini ya nusu ya bei ya Nicanor. Habari iliingia kwenye mashimo kama maji. Wanaume walipanda kwa kamba wakiwa weupe kwa vumbi, tochi bado zinawaka vichwani mchana huo, wakapanga foleni, wakasukumana, wakachekana. Kwa dakika chache Bichage aliona kila alichosoma kimesimama mbele yake kikiwa na miguu. Hawa walikuwa wamekatazwa, na wamekuja. Hakuna aliyewaita kwa rungu. Hata muuzaji wa Nicanor alikuja kupanga foleni.

Nyuma yao pikapu iliondoka polepole kuelekea kibandani. Mong'ina alitoka, mkono umefungwa leso, akamwona baba yake kwa mbali. Hakupunga. Akashika gunia kwa mkono mmoja na meno.

Ndipo Nicanor akaja. Alikuwa mtu mfupi, safi, shati limepigwa pasi, na nyuma yake vijana wengi kuliko wale wa getini.

"Nani amekupa ruhusa?" aliuliza taratibu.

"Hawa," Bichage alisema, akionyesha foleni kwa kisu. "Wamekuja wenyewe."

"Hapa mtu haji mwenyewe."

Nicanor akapiga meza teke. Nyama ikaenda chini kwenye vumbi na zebaki, ile ya kunasia dhahabu.

Mbele ya foleni alikuwa mchimbaji mmoja aliyekwisha lipia mbavu. Alizitazama chini. Alikuwa ametoka shimoni tumbo tupu, na kwa kipindi kirefu alikuwa amelipa nusu ya jasho lake kwa nyama ya mtu huyu. Aliinama akaziokota, akazishika kwa mikono miwili, akampiga nazo kijana wa Nicanor usoni. Mfupa ukavunjika, na pua ikavunjika nayo.

Yaliyofuata hayakuwa vita, maana vita vina pande. Wachimbaji walivamia vijana, na wengine walivamia nyama, na wale waliovamia nyama wakavamiana wao kwa wao. Panga lilipanda likashuka kwenye bega la mtu, likang'ang'ania mfupa, na mwenyewe akalivuta huku amemkanyaga. Mtu alipigwa na ini usoni, na alipokuwa anajifuta macho akachomwa bisibisi ubavuni. Mmoja wa vijana alirudi nyuma akikwepa nyundo mpaka kisigino kikakosa ardhi. Kelele yake ilikwenda chini, chini, ikakoma ghafla. Muuzaji wa Nicanor walimtia matumbo shingoni wakamvuta kama mbuzi. Dorine alimwaga sufuria ya chai ya moto kwa yeyote aliyekuwa karibu, bila ubaguzi.

Bichage alisimama katikati, kisu kimeganda mkononi. Hakuna aliyemgusa. Hata waliokuwa wanakatana walimzunguka, kwa heshima ya kiboko.

Kisha akamsikia Mong'ina akipiga yowe. Maurice alikuwa ameona pikapu. Alimkuta Mahmud ameinua gunia la mwisho, mikono yote miwili juu, akampitisha panga kwenye mkono wa kulia chini ya kiwiko. Gunia likaanguka, na mkono ukabaki unaning'inia kama wa shati. Mahmud alikaa chini kando ya gurudumu, akaushika kwa mkono mwingine, akautazama kwa mshangao. Maurice aliinua panga mara ya pili, na wanawake wa nyundo wakamfikia. Hao walikuwa wamekaa kando muda wote juu ya mawe yao. Bichage aliona nyundo zikipanda na kushuka kwa mwendo ule ule wa kazi ya kila siku, na Maurice hakuinuka tena.

Bichage alianza kukimbia kuelekea huko, na Nicanor akamkatia njia. Shati lake lilikuwa bado safi. Alikuwa na panga.

"Mzee wa kiboko," alisema. "Nionyeshe lile kofi."

Bichage alirudi nyuma mpaka akagusa mabaki ya meza. Mkono wake ukapapasa, ukakuta pembe. Ni kichwa, kitu pekee ambacho foleni nzima haikuulizia bei. Alikishika pembe mbili, akazunguka nacho kama mtu anayerusha maji ya ndoo, akakiachia.

Taya la Nicanor lilitoa mlio wa ubao unaopasuka. Alianguka chali, kichwa kifuani mwake, jicho la ng'ombe limemkodolea. Bichage akamrukia, akamkalia, akamshika nywele, akaweka kisu shingoni. Vurugu zilitulia duara kwa duara, kuanzia kwao kwenda nje.

"Chinja!" mtu akasema.

"Chinja, jaduong'!"

"Chinja! Chinja! Chinja!"

Walikuwa wanapiga nyundo kwenye mawe, kwa mdundo. Bichage alitazama shingo ile. Alizijua shingo: alijua mshipa uko wapi, koo liko wapi, mahali kisu kinapopita kama kwenye siagi. Lakini hii ilikuwa inameza mate. Ilikuwa na jasho. Kisu hakikusogea, na Nicanor, akiwa chini yake, alisikia kwamba hakisogei, na macho yake yakabadilika. Akajua kwamba mkono huu haujawahi kuua.

"Mahmud!" Bichage aliita, na sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Mahmud, kuja! Kuja ufanye kazi yako!"

Umati ukafungua njia. Mahmud alikuja akiyumba, mkono umefungwa kwa kilemba chake chekundu ambacho asubuhi kilikuwa cheupe. Alisimama juu yao akamtazama Nicanor kwa muda, kama anavyomtazama ng'ombe kujua kama ni mgonjwa.

"Mimi nachinja cha kuliwa," alisema. "Huyu nani atamla?"

Nyundo zilinyamaza.

"Vidole alivyovunja si vyako, Bichage. Toka hapo."

Bichage akashuka. Akaketi kwenye vumbi kando ya Nicanor, kisu mapajani. Mong'ina alikuwa amesimama nyuma ya Mahmud, nyundo katika mkono wa kushoto.

"Dorine, mshikie mkono," alisema. "Wa kulia."

"Mong'ina," baba yake akasema.

"Tata, geuka kama hutaki kuona."

Hakugeuka. Dorine na wanawake wawili walimlaza Nicanor mkono juu ya jiwe. Mong'ina alipiga kwa mkono asiouzoea, kwa hiyo mara ya kwanza akakosa, akapiga jiwe, cheche zikaruka. Alirekebisha miguu. Kisha hakukosa. Nicanor alijaribu kulia, lakini taya lilikuwa limelegea na kilio kikatoka maji matupu. Kila baada ya kidole Mong'ina alingoja anyamaze. Alipomaliza vyote alifuta nyundo kwenye lile shati safi.

"Pakieni," aliwaambia wanawake.

Hakukuwa na mtu getini. Paja la ng'ombe lilikuwa limelala kwenye benchi la ushuru, limefunikwa na nzi.

Walimwacha Mahmud hospitalini Migori. Daktari alisema mkono utabaki, ila vidole havitafunga tena. Mahmud alisema kwa upole kwamba atatafuta kijana wa msikitini amfundishe kushika kisu, na akamwomba Bichage amletee kile kitabu akisome, ndiyo ajue amekatwa kwa sababu ya sura ipi.

Uriri walifika jua likiwa limeanza kulala. Asli, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea juu ya buibui, alitazama pikapu, akatazama ngozi, akapitisha kidole kwenye gunia.

"Hii nyekundu ni mawe au ni nini?"

"Ni damu," Mong'ina alisema.

"Ya nani?"

"Imechanganyika."

Asli aliwaza kidogo. "Mashine yangu itaosha mara mbili basi. Ya pili utanilipia nusu."

"Robo."

"Mama, mimi pia nina watoto."

"Robo, na nikuletee wengine kutoka Osiri."

Asli alimtazama ule mkono uliofungwa leso, akanyoosha wake wa kushoto ili washikane vizuri. Mashine ikawashwa. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili ya udongo. Bichage alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akainusa mikono yake. Mara ya kwanza katika maisha yake ilikuwa na damu ambayo hakuna aliyeitajia jina la Mungu.

"Tata," Mong'ina alisema, akizungusha karai kwa mkono mmoja. "Ile sura ya mwisho. Inasema nini?"

Mdomo wa Bichage ulifunguka wenyewe, kama ulivyozoea. Alikuwa na jibu zuri, refu, lenye mfalme na simba ndani yake. Akalitazama, akaliacha.

"Sijui, mwanangu. Nilifungia watu maini."

Mong'ina akaitikia kwa kichwa, kama kwamba ndivyo alivyodhani. Chini ya karai ulianza kuonekana mstari mwembamba wa manjano. Hakuushangilia. Aliumiminia kwenye kikombe, akachota unga mwingine.

"Dorine ana magunia zaidi yangu," alisema. "Na wenzake. Nicanor akishapona taya atarudi na wengine. Alhamisi ijayo tuletee ng'ombe mwingine."

"Mong'ina, nimezeeka. Na leo umeona. Mimi siwezi kuua mtu."

"Nimeona," binti yake alisema. "Watu wa Osiri hawakuona. Wako na kichwa cha ng'ombe tu kwa akili. Kufikia Alhamisi watakuwa wanasema ulirusha ng'ombe mzima."

Bichage alitazama nyundo iliyokuwa imechomekwa kiunoni mwa binti yake, mpini umebadilika rangi. Mashine ilinguruma. Alitaka kumwambia aiweke chini, kwamba hapa ni Uriri, hapa mtu anauza bila nyundo. Badala yake akasafisha koo.

"Ng'ombe mzima ni uongo," alisema. "Ilikuwa nusu. Nusu nyingine tulikuwa tumeshauza."